Grisi ya Mzee Evarist

Kwa imani ya Mzee Evarist wa Kimamba, kila kinachozunguka kinastahili grisi. Imani hiyo aliipata relini, alikofanya kazi ya kutia mafuta kwenye ekseli za mabehewa, na alipostaafu alirudisha sare lakini imani akabaki nayo. Cherehani ya mkewe ilichafua magauni mawili ya kipaimara kabla ya kufichwa uvunguni. Baiskeli yangu mimi, jirani yake, aliitia grisi bila kuombwa, mpaka kwenye breki, nikaenda kusimama ndani ya duka la Bibiana, katikati ya nyanya.

Kilichofaidi zaidi ni gari lake, Pijo 504 la rangi ya maziwa. Alilinunua kwa mafao yake ili mkewe Yusta asipande tena lori la mahindi kwenda kumwona binti yao Filomena, aliyeolewa Mikumi. Kila Jumamosi mzee analala chini ya gari na kopo lake, anatoka ana madoa usoni na furaha ya mtu aliyetoka kuungama.

Tatizo lilikuwa spidomita. Gari likiondoka nyumbani mshale unalala kwenye kumi. Mbele kidogo unaruka tisini, unatetemeka, unashuka hamsini, unapanda mia na kumi. Katika safari yao ya kwanza baada ya ugonjwa huo kuanza, Yusta aliutazama mara moja tu, akahamia kiti cha nyuma, akafumba macho na kutoa rozari. Safari zote zikawa hivyo.

"Baba Filomena, punguza!"

Mzee anapunguza. Mshale unapanda.

"Punguza, nimesema!"

Anapunguza tena. Siku moja nililipita gari hilo nikiwa na gunia la mkaa kwenye baiskeli, nikainama dirishani kusalimia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sogea pembeni kijana, nipo themanini hapa."

Tulimwambia kwamba mshale unadanganya. Alikasirika. Alisema chombo kinapima, sisi tunakisia, na kama ningekuwa napiga pedali kistaarabu nisingempita.

Kisha ikaja harusi ya Anitha, mtoto wa Filomena, ya kufungwa Mikumi. Yusta alitangaza mbele yetu sote kwamba atapanda gari la Noah lililokodiwa na akina mama wa jumuiya. Alikwisha kulipia nafasi. Jioni mzee alikuja kibarazani kwangu, akakaa muda mrefu bila kukagua bawaba za mlango wangu, nikajua mambo ni mazito.

"Gari lile nililinunua kwa ajili yake," alisema. "Nikifika kule peke yangu, nimefika na nini?"

Mimi si mtu wa huruma nyepesi, lakini nilimwonea huruma. Kesho yake nilimpeleka Kilosa kwa Mudathir, fundi ambaye amezoea magari ya wazee na, muhimu zaidi, wazee wenyewe.

Mudathir alianzia chini. Alifungua waya wa spidomita kwenye gia boksi, akakagua kijigia kinachouzungusha. Kizima. Akauvuta waya wote, akauviringisha kwa vidole akitafuta mahali ulipojikunja au kukatika nyuzi. Mzima. Ila viganja vyake vilikuwa vimejaa grisi mpaka kwenye saa ya mkononi.

"Mzee, samahani. Huu waya nani anautia grisi?"

"Mimi," alisema Mzee Evarist, akalinyoosha shati lake.

"Kidogo kidogo?"

"Kwa nini kidogo?"

Mudathir aliuweka waya chini. Alichomoa spidomita yenyewe kwenye dashibodi, akaifungua mezani. Humo ndani, kikombe chepesi kinachosukuma mshale kilikuwa kimezama kwenye uji mweusi. Alieleza taratibu, macho yakiwa mezani ili asimtazame mzee usoni: waya unapozunguka hupandisha grisi iliyozidi, nayo ikiingia humu inakiburuta kikombe zaidi kuliko mwendo wa gari unavyotaka. Mshale unakwenda unakotaka.

"Kwa hiyo chombo hakikuwa kibovu," alisema mzee.

"Hapana. Kilizidiwa na mapenzi."

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Niliporudi, mzee alikuwa ameshika pamba, anasafisha mwenyewe, sehemu moja baada ya nyingine. Mudathir aliufuta waya, akaupaka grisi nyembamba upande wa chini tu, wa juu akauacha mkavu, na kopo la mzee akalisukuma mbali kwa mguu. Tulipojaribu barabarani, simu ya Mudathir ilipima arobaini na mshale ukasoma arobaini, umetulia.

Siku ya safari Noah ilikuja kupiga honi. Yusta alitoka na sanduku lake. Mzee alikuwa amefungua mlango wa mbele wa Pijo, amesimama kando yake na tai shingoni.

"Mama Filomena, angalia mshale tu. Ukiruka, nasimama, unahamia kwao."

Yusta alimtazama, akamtazama mwenye Noah, akaingia mbele. Mimi nilikaa nyuma, kwenye kiti chake cha rozari. Alianza na macho yamefumbwa, halafu jicho moja likafunguka, likang'ang'ania mshale. Thelathini. Thelathini na tano. Noah ikatupita, akina mama wakitupungia vitenge.

"Kumbe miaka yote tulikuwa tunakwenda hivi?"

Mzee alikohoa. Nilitazama nje ili nisicheke.

"Na mimi nimemsumbua Bikira Maria bure!" alisema Yusta. "Hebu ongeza, mwanaume wewe."

Akaongeza. Mshale ulipanda polepole hadi sitini, ukakaa. Tulipokaribia kijiji cha Ulaya, Yusta alikuwa ameinua kichwa, anatazama dirishani: milima, mashamba ya alizeti, watoto wanaoteka maji mtoni.

"Hapa ni wapi?"

"Ulaya. Umepita hapa kila mwaka."

"Nimepita, sijapaona." Akashusha kioo. "Baba Filomena, punguza. Nataka kuona."

Mzee akapunguza, safari hii bila kuutazama mshale. Tulipofika Mikumi, Noah ilikuwa imeshaoshwa na akina mama wamemaliza chai.