Dereva wa Garbatulla Anayemwomba Mungu kwa Hasira

Silas Mutembei ameweka mikono yote miwili juu ya boneti ya lori na anamgombeza Mungu.

Ni mwaka wa 1986, na kumepambazuka sasa hivi hapa Kiwanjani, mjini Isiolo. Jiko la jirani limeanza kutoa moshi na mbuzi wanalia zizini. Lori limejaa sukari, unga na madebe ya mafuta ya taa ya kwenda Garbatulla na baadaye Sericho. Silas bado hajafungua mlango. Anaomba kwanza, macho wazi, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimeru, na hajali nani anasikia.

"Mwathani, Bwana wangu, ile barabara unaijua. Jana umeniona nikitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Leo sitaki pole. Nataka hiki kifua kifunguke nishike usukani. Na wale wanatuma watu wakafe, usiwanyamazie. Usiwanyamazie!"

Upande wa pili wa lori, Denge, taniboi wake, yaani utingo, wa miaka mingi, amekwisha kuswali na anakunja mkeka wake. Ni Mborana, mtu mzima mwenye wajukuu. Hana haraka.

"Mimi namwacha agombane," anasema Denge. "Akimaliza, mkono yake inatulia. Siku hajaomba, heri tulale mjini."

Sala ikiisha, Silas hunyoosha vidole mbele ya uso wake na kuvitazama. Vikitulia, anapanda. Anakanyaga breki tena na tena huku Denge akiwa amelala chini ya lori, akiangalia kama kuna oili inayovuja. Abiria wanaopanda juu ya mizigo wamezoea. Wanakaa kando wakingoja amri ya Denge.

Silas ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Aliteremka Isiolo kutoka milima ya Meru mwanzoni mwa miaka ya sabini, akiwa taniboi, akalala juu ya magunia na kujifunza kuendesha kwa kutazama. Aliyempa usukani wa kwanza ni Mzee Kithinji, tajiri wa malori ambaye pia ni mzee wa kanisa lao. Ndiye aliyesimamia harusi yake na Gaceri.

"Nilikuwa namwita baba," anasema Silas. "Na sikuwa namdanganya."

Katikati ya mwaka wa 1983, breki za lori alilokuwa akiendesha zilianza kuvuja. Ilibidi azipige mara mbili tatu ndipo zishike. Alimwambia Mzee Kithinji. Fundi hakuletwa. Alimwambia tena, safari hii mbele ya Denge, lori likiwa limeshapakiwa na abiria wameshapanda.

Denge anakumbuka jibu la tajiri na anatema mate chini kabla ya kulitamka. "Alisema, 'Endesha pole pole, na uombe.' Halafu akasema kama Silas anaogopa, kuna dereva mwingine amekaa pale kwa geti."

Silas aliondoka. Baada ya kupita kijiji cha Kula Mawe, kwenye mteremko wa kuingia katika laga, mto mkavu wenye kingo za mawe, alikanyaga breki na mguu ukaenda hadi chini bila kukutana na kitu. Aliliegemeza lori kwenye ukingo ili lisitumbukie. Likapinduka.

Abiria wengi walivunjika. Denge aliruka akateguka bega. Hawo, mwanamke wa Garbatulla aliyekuwa akiuza samli Isiolo na kurudi nyumbani kwa wanawe, alilaliwa na magunia. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho.

Silas mwenyewe alivunjika mguu, ukapona hospitalini. Kilichobaki hakikuwa na bendeji.

Kila asubuhi aliamka moyo ukimdunda kana kwamba mtu anagonga mlango kwa fujo. Kifua kilibana. Viganja vililowa jasho, akatapika kabla hata ya chai. Akisikia lori likiwashwa barabarani, alirudi ndani na kufunga mlango. Daktari alimpima akamwambia moyo wake ni mzima. Majirani walisema ni miraa, ilhali hatafuni. Wengine walisema amerogwa.

Gaceri, mke wake, anayemwita Baba Kendi kwa jina la mtoto wao, alimwona akidhoofika siku baada ya siku. "Baba Kendi alikuwa mtu wa kuimba," anasema. "Akaanza kukaa kwa kitanda na viatu mkononi. Hawezi kuvaa. Nikimuuliza, analia. Mimi sijawahi kuona huyu mtu akilia, hata mama yake alipokufa."

Silas alitafuta msaada kanisani, kwa kuwa ndiko alikozoea kuupata. Mzee Kithinji mwenyewe alikuja kumtembelea, akakalia kiti kizuri cha nyumba hiyo, akamweleza kwamba hofu ni dhambi na ni dalili ya imani haba. Alimwagiza aamke kila alfajiri, apige magoti, amshukuru Mungu kwa yote, na aseme kwamba ajali ile ilikuwa mapenzi yake.

Silas alitii. Miezi ikapita.

"Nilishukuru mpaka midomo ikauka," anasema, na sauti yake inapanda. "Nikisema ni mapenzi yako, kifua kinakaza zaidi. Nikafikiri Mungu amenikataa. Ona huo ukatili! Mtu anakuvunja mguu, halafu anakufundisha namna ya kushukuru."

Aliyemfungua hakuwa mchungaji wala daktari. Alikuwa Ibrae, mume wa marehemu Hawo.

Ibrae alikuja Kiwanjani asubuhi moja, fimbo mkononi, na kusimama mlangoni. Gaceri aliogopa, akidhani amekuja kulipiza kisasi. Alikaribishwa ndani. Aliketi, akakubali chai, akauliza habari ya mguu. Kisha akauliza ni nini hasa kilichotokea.

Silas alijibu kama alivyofundishwa. "Ni mapenzi ya Mungu, mzee wangu."

Ibrae aliweka kikombe chini. "Dereva, mauti ni ya Mwenyezi Mungu. Hiyo sibishani na wewe. Breki ni ya nani?"

Gaceri anasema safari hii mumewe hakuficha kitu. Alimweleza Ibrae yote: uvujaji, fundi asiyeletwa, maneno ya tajiri, geti. Ibrae alisikiliza hadi mwisho. Alipoinuka alisema neno moja tu zaidi: "Basi sema hivyo hivyo mbele ya watu."

Kesho yake alfajiri, Silas hakupiga magoti. Alitoka nje, akasimama uani, akaomba kwa sauti. Alimwambia Mungu kwamba anaogopa barabara, anaogopa mteremko, anaogopa kuua mtu mwingine. Akamtaja Hawo kwa jina. Akamtaja Kithinji kwa jina. Akauliza kwa nini mwovu analala usingizi ilhali yeye halali.

Gaceri alikimbilia mlangoni. "Nikamwambia, Baba Kendi, unasemesha Mungu hivyo? Atakupiga! Akaniambia, kama ni Mungu, ataweza kuvumilia ukweli."

Silas anajigusa kifuani anapokumbuka. "Hofu haikuisha. Nisikudanganye. Lakini nilivuta pumzi, ikafika chini. Mara ya kwanza tangu ile laga. Nikajua, kumbe nilikuwa nanyongwa na uongo, na nilikuwa nauomba kila siku."

Wiki hiyo alikwenda polisi kuandikisha ushahidi. Mzee Kithinji alimtumia wazee wenzake wa kanisa wamshawishi anyamaze. Hakunyamaza. Alifukuzwa kazi.

Kesi dhidi ya Mzee Kithinji iliahirishwa, ikaahirishwa tena, huku ukame wa mwaka uliofuata ukimaliza ng'ombe wa Ibrae. Kila tarehe ya kesi Ibrae alikuja kutoka Garbatulla, akakaa kwenye benchi la nje, akaambiwa arudi. Silas alikaa naye. Asubuhi za kesi ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote, na aliomba njia nzima kutoka nyumbani hadi mahakamani, akitembea.

Kabla hukumu haijatoka, kanisa lilifanya ibada ya shukrani. Mzee Kithinji alisimama mbele katika suti yake, akatangaza kwamba Bwana amemrudishia alichopoteza: amepata lori jipya. Watu wakapiga makofi.

Silas alisimama katikati ya waumini.

"Mzee, na Hawo?" aliuliza. "Yeye Bwana amemrudisha?"

Makofi yalikatika. Mchungaji alimwomba aketi, kwamba hapo ni mahali pa ibada. Silas hakuketi.

"Hata mimi naabudu. Mlinifundisha nishukuru kwa yote. Mimi sitashukuru kwa breki mbovu. Mungu hakuharibu breki. Huyu mzee aliambiwa mara mbili, akasema niombe. Nimeomba. Jibu ni hili."

Alitoka na mkewe. Nyuma yao walisikia viti vikisogezwa. Wengine walikuwa wakitoka pia, si wengi, lakini miongoni mwao walikuwemo madereva wawili wa Mzee Kithinji.

Hukumu ilipotoka, tajiri alipatikana na kosa la kutuma barabarani gari bovu. Alitozwa faini ambayo haingenunua hata tairi za lori lake jipya. Alilipa kabla ya saa ya chakula cha mchana, akaenda zake. Kwa uhai wa mama wa watoto, serikali ilimhesabia mwenye gari kosa dogo, kana kwamba gari lake lilikosa taa ya nyuma tu.

Siku hiyo Ibrae alimshika Silas mkono, akaushikilia muda mrefu, kisha akapanda lori la kurudi kwao.

Leo Silas anaendesha lori la Warsame, mfanyabiashara wa mjini. Alimwajiri kwa sharti ambalo Silas mwenyewe aliliweka: asiposema gari ni zima, haliondoki. Warsame anacheka akiulizwa. "Bidhaa yangu inachelewa, lakini inafika," anasema.

Hofu nayo ipo bado. Wakifika kwenye miteremko ya laga, Denge humwona akisogeza midomo. Kuna siku husimamisha lori kabisa, akashuka, akaegemea mlango na kuomba hadi pumzi irudi. Abiria hungoja. Hakuna anayemcheka, kwa kuwa kila mmoja wao anaijua habari ya Hawo.

Madereva wengine wameanza kumjia alfajiri. Murithi, anayeendesha njia ya Marsabit, alishambuliwa na majangili na tangu hapo hawezi kulala. Alitaka kujua Silas anatumia maneno gani.

"Nilimwambia hakuna maneno," anasema Silas. "Mwambie Mungu kitu kilichokuuma, na nani amekifanya. Usipake sukari. Ukimaliza, amka ukafanye ile sehemu yako."

Sehemu yake yeye sasa ni hii. Madereva wa Isiolo, Wakristo na Waislamu, wamekubaliana kwamba lori likikataliwa na mmoja wao kwa ubovu, hakuna mwingine atakayelipanda. Lori jipya la Mzee Kithinji limesimama uani kwake tangu mpira wa breki ulipopasuka na akakataa kununua mwingine. Ametafuta dereva hadi Meru. Wiki ijayo wanakwenda kwa mkuu wa wilaya kudai kwamba kila lori lenye abiria likaguliwe breki kabla ya kupita kizuizi cha polisi barabarani.

"Akikataa, malori yote yatalala hapa," anasema Silas. "Sericho watatuvumilia bila sukari. Wao wamezika. Wanaelewa."

Denge anatoka chini ya lori akipangusa vumbi na kupiga ubavu wa lori kwa kiganja. Hakuna panapovuja. Abiria wanaanza kupanda. Silas, aliyekuwa ameshuka baada ya kupima breki, anashika mpini wa mlango, anasita kidogo.

"Unajua natamani nini? Asubuhi moja nisimame hapa nikose la kulalamika. Niseme asante tu, halafu nipande."

Anafungua mlango.

"Hiyo siku bado," anasema, na kuwasha injini.