Maziwa Yaliyovuka Uwanja

Uwimbabazi alikuwa na miaka ishirini na sita, mkulima wa viazi katika milima ya Masisi. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko mkali, na watu wa kilima chake walizoea kumwona huko asubuhi na jembe, hata tumbo lilipokuwa kubwa kiasi cha kumfichia miguu yake mwenyewe. Mume wake, Dusabimana, alikuwa ameshuka Walikale kuchimba mawe ya bati msituni, mahali ambapo simu haishiki, na alikuwa akirudi nyumbani mara mbili tu kwa mwaka. Kwa hiyo Uwimbabazi aliishi na mama mkwe wake, Mukasine, ambaye alimwita mabukwe kama desturi ya kwao inavyotaka. Hawakupendana sana, wala hawakugombana. Walilima pamoja, wakapika chungu kimoja.

Ile ilikuwa mimba yake ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka kabla hazijaonekana. Hii alikuwa ameihesabu juma kwa juma, na ilipofika mwezi wa saba akaanza kusema jina kwa sauti: akizaliwa msichana ataitwa Elodie.

Jumatatu moja risasi zilisikika upande wa juu, na kilima kizima kikaanza kuhama. Uwimbabazi alipanda pikipiki ya jirani, godoro limefungwa nyuma yake. Kwenye kona yenye matope pikipiki ikalala, naye akawa chini yake. Alisikia mfupa wa paja ukikatika kabla hajasikia maumivu. Wanaume wanne walimbeba kwa tipoyi, kile kitanda cha miti wanachobebea wagonjwa, hadi hospitali ya Kashovu, na uchungu ukamwanza wakiwa bado njiani. Elodie alizaliwa jioni hiyo. Alikuwa na kilo moja na gramu mia tatu na hamsini. Mama yake alimwona kwa muda wa kuvuta pumzi tatu au nne, akiwa mwekundu na mwenye nywele mabegani, halafu akafungwa ndani ya pamba na kupelekwa ng'ambo ya uwanja, kwenye chumba cha watoto wadogo.

Uwimbabazi alilazwa katika sali, yaani wodi, ya upasuaji. Mguu wake ulifungwa kamba iliyopita juu ya gurudumu dogo, na mwisho wa kamba wakaning'iniza mfuko wa mchanga ili mfupa unyooke. Daktari alisema utakaa hivyo majuma sita. Hataweza hata kugeuka ubavu. Na mtoto hawezi kuletwa kwake, kwa sababu sali ile ilikuwa na vidonda vinavyooza, na mtoto wa kilo moja huuawa na hewa tu.

Kilichoweza kuvuka uwanja ni maziwa. Muuguzi wa sali alimwonyesha namna ya kukamua. Kwanza kitambaa cha moto. Kisha kidole gumba juu na vidole vingine chini, mbali kidogo na chuchu, unasukuma kuelekea kifuani, ndipo unabana. Usivute chuchu, alisema, utaiumiza bure. Siku ya kwanza yalitoka matone mazito ya manjano yasiyofunika hata kitako cha kikombe, na Uwimbabazi akaona aibu. Muuguzi akamwambia hiyo ndiyo dawa yenyewe, tone moja lisipotee.

"Ukamue kila masaa matatu, mama, hata kama iko kidogo," alisema. "Usiache maziwa ikauke. Mutoto akifika kilo moja na mia munane, na mufupa yako ikishika, utavuka mwenyewe, na yeye atanyonya."

Hapo Uwimbabazi akapata kazi. Yeye ambaye hakuwahi kulala mchana, sasa alilala kama gogo, na kitu pekee alichoweza kumfanyia mwanawe kilikuwa ndani ya vidole vyake. Alikamua hadi viganja vikauma. Alikunywa uji wa mtama hata alipochefuka, kwa sababu wanawake wa vitanda vya jirani walisema unaleta maziwa. Siku ya tatu kikombe kilifika nusu. Alikuwa akifikiri namna atakavyomshika mtoto siku hiyo ikifika, mkono upi uwe chini ya kichwa, na atakalomwambia kwanza.

Aliyebeba kikombe ni Mukasine. Ndiye aliyekuwa akimlinda mgonjwa, akimwogesha, akimwaga choo, akipika nje chini ya mabati pamoja na walinzi wengine wa wagonjwa. Kila mara alikifunika kikombe kwa kitambaa safi, akavuka uwanja, akarudi na habari. Mtoto amekunywa kwa mpira unaopita puani. Mtoto amefungua jicho moja.

Mukasine alikuwa na jambo lake jingine katika chumba kile. Binti yake, Niyigena, aliyeolewa kilima cha pili, alikuwa amejifungua hospitalini humo siku mbili kabla ya Uwimbabazi, damu ikakataa kusimama, akafa. Mume wake alikuwa amekimbilia Uganda. Mtoto alibaki, mvulana wa kilo moja na nusu, na wauguzi walimwandika Zéphyrin. Maziwa ya kopo yalikuwa machache, na barabara ya Goma ilikuwa imefungwa. Siku ya pili Mukasine alimwomba mkwewe amgawie yule yatima. Uwimbabazi alitazama matone yake kikombeni, akajibu kwamba wa kwake kwanza, yakizidi atampa kwa moyo wote. Mukasine alisema ni sawa. Hakuomba tena.

Siku zikapita. Maziwa yakaja kwa wingi, yakaanza kumwamsha kwa kulowesha nguo. Mukasine akawa analeta uzito wa mtoto: kilo moja na mia nne. Kilo moja na mia nne na themanini. Siku moja alisema mtoto amepungua kidogo, lakini si kitu. Kisha kilo moja na mia sita. Uwimbabazi alishangaa kidogo kuona unavyokwenda kwa kasi, akamshukuru Mungu, akakamua zaidi. Mwanamke wa kitanda cha kando, aliyepoteza mguu, alimwambia kwamba mtoto huyo atatembea kabla ya mama yake, nao wakacheka.

Siku ya kumi na tano, saa nne za asubuhi, aliingia muuguzi asiyemjua, kijana, amevaa viatu vyeupe. Alimtafuta kwa jina kitanda hadi kitanda. Alikuja mikono mitupu.

"Mama Uwimbabazi? Niko Gentille, wa chumba cha watoto wadogo. Nilitaka nikuone kwa macho," alisema, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mwengine mutoto akikufa, anafunga kifua siku ile ile. Weye siku tisa unaendelea kutuma maziwa ya mutoto wa wifi yako. Sijaona muntu wa hivi. Mungu akuone."

Uwimbabazi alimsikiliza hadi mwisho. Alimuuliza ni mtoto gani aliyekufa. Gentille aliuachia mkono wake. Ndipo wote wawili wakaelewa, na yule binti akakaa chini sakafuni, kwa sababu hapakuwa na kiti.

Alimweleza alichojua. Elodie alikufa Jumamosi, siku ya sita, pumzi zikawa mbali mbali, kisha zikakoma. Alikuwa amemtia maji ya ubatizo yeye mwenyewe. Bibi alimpokea mtoto, akamzika nyuma ya kanisa pamoja na katekista, akarudi akasema mama amekwisha kuambiwa, amelia, na ameamua maziwa yawe ya Zéphyrin. Nani angemuuliza mara ya pili mwanamke mzima mwenye misiba miwili? Uwimbabazi akauliza kama kikombe kilikuwa kinafika chote.  Gentille akasema hapana, karibu tangu mwanzo bibi alileta vikombe viwili, kikubwa cha mvulana na kidogo cha msichana, na walidhani ndivyo walivyokubaliana nyumbani.

"Njo hiyo ilimuua mutoto wangu?"

"Sijui, mama. Wengine wa kilo ile wanakufa hata wakinywa muzuri. Siwezi kukudanganya. Sijui."

Mukasine alipoingia na sahani ya maharage, sali ilikuwa kimya, na alijua kabla hajafika kitandani. Aliweka sahani chini. Hakulia wala hakuomba msamaha. Uwimbabazi alimuuliza zile kilo alizokuwa akimletea zilikuwa za nani.

"Za Zéphyrin."

"Na kugawa, ulianza siku gani?"

"Ya pili."

"Siku ya pili mutoto wangu alikuwa muzima, mabukwe."

"Alikuwa anapumua," Mukasine alisema. "Ningekuambia amekufa, ungekauka. Wako ilikuwa wa kufa, kila muntu aliona. Huyu iko wa kuishi. Na iko kitu ya mwisho ya binti yangu."

Uwimbabazi alimwambia achukue sahani yake. Mchana, wakati wa kukamua ulipofika, alikamua kama kawaida, kwa sababu matiti yalikuwa yamejaa na kuwa magumu kama mawe. Alijaza kikombe. Mukasine akanyoosha mkono. Uwimbabazi alikinyoosha upande mwingine wa kitanda, akamwaga polepole hadi tone la mwisho, na maziwa yakatambaa juu ya saruji mpaka chini ya kitanda cha pili. 

Akafanya hivyo siku mbili, kila masaa matatu. Mukasine alinunua maziwa ya ng'ombe, wakayatia maji, na mtoto akaanza kuharisha, tumbo likavimba, akapoteza gramu mia. Gentille alikuja kumsihi. Alisema mtoto hana kosa. Uwimbabazi alijibu kwamba anajua hana kosa, na wa kwake pia hakuwa nalo. Gentille aliporudi na mtoto mwenyewe amefungwa kifuani, akasimama naye mlangoni ambapo hakupaswa kusimama, sauti yake nyembamba ikaingia sali, na maziwa yakamtoka Uwimbabazi bila kuguswa, yakapita katika nguo mpaka kwenye shuka. Alitazama kifua chake kama mtu anayemtazama msaliti. Akasema, "Mumutoe."

Siku ya tatu alimwita Mukasine, akampa sharti. Asimame katikati ya sali, mbele ya vitanda vyote kumi na kimoja, aseme alichofanya, asiongeze machozi wala habari za Mungu. Mukasine alikataa asubuhi. Baada ya chakula cha mchana, mtoto alipoanza kuwa na macho yaliyozama, alikuja akasimama hapo, kitenge kimefungwa vizuri, mikono chini.

"Nilitwaa maziwa ya Elodie, nikamupa Zéphyrin," alisema. "Elodie alipokufa, nilimuficha mama yake, kusudi aendelee kukamua." Akamgeukia Uwimbabazi. "Na ningefanya tena."

Uwimbabazi alisema kwamba hayo maneno ya mwisho angalau ni ya kweli. Akampa kikombe.

Mtoto akapona. Majuma yalipotimia walifungua mguu, ukawa mfupi kuliko mwingine kwa vidole viwili. Uwimbabazi alivuka uwanja kwa magongo, akaketi kwenye benchi la chumba cha watoto wadogo, na Gentille akamwekea Zéphyrin mapajani. Alikuwa amepita kilo mbili. Alitafuta kwa mdomo mara moja, akashika, akavuta kwa nguvu hadi machozi yakamtoka mwenye titi. Uwimbabazi hakumtazama. Alitazama ukuta mpaka mtoto aliposhiba, akamrudisha. Alifanya hivyo siku tano. Siku ya sita alimtazama, akaona ana sikio moja lililokunjika kwa juu, na kuanzia hapo aliona mambo mengine.

Mlima ulipotulia, Mukasine alipanda siku tatu kwenda kuona kama nyumba ingali imesimama. Siku ya pili Uwimbabazi aliomba karatasi za kutoka. Gentille alimuuliza kama bibi anajua. Alisema anajua. Alitia sahihi mahali pa mama, akamfunga mtoto mgongoni, akapanda lori la maharage kuelekea Walikale, ambako kaka yake Luc alikuwa fundi wa nguo. Nyuma ya kanisa hakwenda. Njia ya huko ilikuwa ya kuteremka, na kwa magongo asingeweza kupanda tena. Ndivyo alivyojiambia.

Dusabimana alipotoka msituni alielezwa yote. Alisema mama ni mama, mtoto arudishwe kwa bibi yake. Uwimbabazi alimjibu kwamba titi lipo, akipata jingine huko Masisi amchukue. Dusabimana alirudi msituni. Siku hizi huja akitaka, na huondoka akitaka.

Mwaka jana Mukasine alifika Walikale, amekonda, miguu imevimba kwa safari. Uwimbabazi alimkaribisha vizuri. Alimpa kiti, maji ya kunawa, fufu, sombe ya majani ya muhogo, na samaki. Zéphyrin alikuwa karibu na miaka miwili, akikimbia uani bila suruali. Akamwita.

"Salimia huyu mama wa Masisi. Tulilala naye hospitali moja."

Mukasine hakusahihisha. Alisema tu kwamba mtoto ana paji la uso la Niyigena, kwa sauti ndogo, kama asiyemwambia mtu. Aliomba kumshika, akaruhusiwa. Mtoto alivumilia kidogo, kisha akalia akimnyooshea Uwimbabazi mikono, naye Uwimbabazi akamchukua, akaketi mbele ya mgeni, akafungua nguo, akamnyonyesha, ingawa mtoto alikuwa amekula muda si mrefu na alikuwa na meno yote ya mbele. Alimnyonyesha kulia, kisha kushoto, bila haraka. Mukasine alitazama mpaka mwisho, mikono imekaa juu ya magoti. Asubuhi alikwenda zake, na hakuna aliyemsindikiza.

Juma lililofuata Uwimbabazi alijipaka pilipili kwenye chuchu, akamwachisha ziwa. Mtoto alilia siku tatu, kisha akaacha.