Mgeni Aliyekuja Kuangalia Shule

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Wengi wameshanicheka na wengine wamenionea huruma, na sijui kipi kinauma zaidi. Lakini mimi si mganga wala mpiga ramli. Nilikuwa mwalimu. Kazi yangu ilikuwa kufundisha watoto kusoma, kuandika na kuhesabu katika shule ya serikali hapa Dodoma, enzi za Wadachi, na haya ninayokueleza yalinipata mchana, jua likiwa utosini, nikiwa mzima wa afya. Sikuwa na homa wala sikuwa nimelala. Niamini.

Nililetwa kutoka Tanga, nilikosomea. Nilipofika, shule ilikuwa tembe moja tu karibu na boma, paa la udongo, giza tupu ndani, watoto wamebanana kama mbuzi zizini. Reli ilipofika na mji ukaanza kukua, serikali ikaamua ijengwe shule kubwa ya kufaa nchi yote ya kati. Watu wa vijiji vya jirani waliitwa kubeba mawe kutoka milimani. Hawakuulizwa kama wanataka. Mabati yalikuja kwa gari la moshi, na siku yalipopandishwa juu, watu walitoka mbali kuja kutazama nyumba inayong'aa kama maji.

Lazima niseme ukweli, ilikuwa shule nzuri. Madarasa ya mawe, bweni refu, karakana ya useremala, jiko, kisima chake yenyewe, bustani, na chumba cha wagonjwa kule nyuma, karibu na ua wa miiba. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti, ukikigonga kinasikika hadi stesheni. Wageni wakubwa walipopita, mkuu wa shule, Mdachi mmoja mwembamba ambaye watoto walimwita Bwana Kengele, alinituma mimi niwatembeze. Kwa hiyo maneno ya kuisifu shule ile nilikuwa nayo mdomoni kama sala. Hapa ndipo wanapolala, hapa ndipo wanapokula. Unanielewa? Shika hilo, maana ndilo lililonimaliza.

Watoto wenyewe hawakuja kwa kupenda. Kila jumbe aliamriwa atoe watoto, naye jumbe aliwachukua kwa wale wasioweza kukataa. Ndivyo alivyokuja Ndahani kutoka Haneti. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye meno yaliyoachana, wa kwanza kucheka na wa mwisho kunyamaza. Alitoroka mara mbili. Askari walimrudisha, akapigwa viboko hamsa ishirini mbele ya wenzake uwanjani. Baada ya hapo hakutoroka tena. Alihamishia moyo wake karakana. Alitengeneza vigoda vya miguu mitatu, akivisugua kwa msasa mpaka vikawa laini kama ngozi ya mtoto, na alikuwa akisema, "Mwalimu, hiki nampelekea baba. Ana shida ya kukaa chini."

Kiangazi kimoja ukaingia ugonjwa wa kuhara damu. Ndahani aliingizwa chumba cha wagonjwa Jumatatu, na kabla ya Ijumaa alikuwa ameshakufa. Nilikuwepo. Tulimzika nyuma ya ua, palipokuwa na makaburi mengine ya wanafunzi. Bwana Kengele akatuma tarishi kwenda Haneti kumwarifu baba yake. Ni safari ya siku kadhaa kwa miguu.

Kesho yake, watoto wakiwa bustanini, nilikuwa nimesimama barazani nikifuta jasho. Nikamwona mwanamke anavuka uwanja.

Alikuwa amevaa kaniki, masikio yametobolewa na kuvutika kama ya Wagogo wengi, na alikuwa na kovu la moto kutoka kidevuni hadi shingoni. Kilichonishangaza kwanza ni kwamba askari wa getini hakumzuia. Yule askari alikuwa hamruhusu hata mbuzi kupita. Mwanamke akanisogelea, akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," nami nikamwitikia.

"Nimekuja kumwona Ndahani," akasema. "Mimi ni mama yake."

Tarishi aliondoka jana tu, hajafika hata nusu ya njia. Nikajua huyu mama ametoka kwake bila kujua lolote, na mimi ndiye nitakayemfikishia habari. Nikasema moyoni, mwambie sasa, hapa hapa, mketishe kivulini umwambie.

"Dada," nikaanza. Nilimwita dada kwa sababu alionekana mdogo, mdogo hata kuliko mimi. Jambo hilo lilinipita, sikulitafakari. Na jambo jingine pia lilinipita: Kigogo changu kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini kila neno lake nililielewa.

"Dada," nikasema, "shule hii imejengwa kwa mawe ya milima hii unayoiona, na paa lake ni la mabati."

Nikajisikia nikiyasema hayo. Nikafunga mdomo. Nikadhani ni woga. Nani hajawahi kuogopa kutoa habari ya msiba? Nikavuta pumzi, nikajaribu tena: mwanao amefariki. Maneno nilikuwa nayo, nayaona kabisa kama yameandikwa ubaoni. Mdomo ukasema, "Haya ndiyo madarasa. Madirisha ni makubwa ili hewa ipite."

"Nionyeshe," akasema.

Basi nikamwonyesha. Ungefanya nini? Miguu yangu ilitangulia yenyewe. Tukaingia darasani. Akaniuliza Ndahani alikuwa anakaa wapi, nikamwonyesha benchi. Akalipapasa taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, akainama akalinusa. Tukaenda karakana. Akakiona kigoda kisichomalizika, mguu mmoja haujatiwa, akakishika mapajani kama mtu anayepakata mtoto. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, machozi yananitoka, na mdomo wangu unaeleza habari za randa na misumeno, na jinsi fundi anavyowafundisha watoto kupima mbao! Nilijiuma ulimi kusudi ninyamaze. Damu ilinijaa mdomoni, na bado nikaendelea.

Bwenini akauliza, "Analala wapi?"

Niliona hapo ndipo pa kuponea. Kitanda cha Ndahani kilikuwa kitupu, mkeka umeshachomwa kwa ajili ya ugonjwa. Nikasema moyoni, akikiona ataelewa, hata kama mimi siwezi kusema. Nikamwonyesha. Akalala juu ya zile kamba tupu, akajikunja, akafumba macho. Alikaa hivyo kitambo. Jua la mchana wa Dodoma unalijua, na chini ya mabati yale tulikuwa tunaokwa kama mkate. Mimi shati limenishika mgongoni. Yeye hakuwa na tone la jasho.

Hapo ndipo nilipoogopa. Nilitaka kukimbia, lakini ungekimbiaje wakati miguu si yako?

Tukapita jikoni. Mpishi wetu, mama wa makamo aliyeitwa Binti Salumu, alikuwa anasonga ugali wa uwele. Akaniangalia, mwiko mkononi.

"Mwalimu, unaongea na nani?"

Nikamwonyesha kwa mkono yule mwanamke aliyesimama ubavuni mwangu. Binti Salumu akatazama pale, akanitazama mimi, na damu iliyokuwa kidevuni mwangu. Aliuacha ugali motoni, akatoka kwa mlango wa pili.

Mwisho tukafika chumba cha wagonjwa. Hakuuliza chochote humo. Alipita moja kwa moja, akatoka nyuma, akapenya ule upenyo wa ua wa miiba, akasimama mbele ya udongo mbichi.

"Na hapa?"

Nilipiga magoti. Nilikuwa namlilia Mungu anifungulie kinywa, maana ningewezaje kumwacha mama wa watu amesimama juu ya kaburi la mwanawe bila kumwambia? Nikakusanya nguvu zote nilizokuwa nazo. Nikasikia sauti yangu, nzuri, ya upole, ile ile ya kutembezea wageni: "Ardhi ya hapa ni ngumu wakati wa kiangazi, lazima itumike sururu."

Akachuchumaa mbele yangu, uso kwa uso. Hakuwa na hasira, nataka ulijue hilo. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekubebea mzigo njia nzima.

"Ahsante, mwalimu," akasema. "Nimeona alipokaa. Sikuwa najua anakaa wapi. Na hilo neno linalokukaba, niachie mimi, nitaondoka nalo."

Akaniwekea kiganja kooni, nikafumba macho. Kilikuwa cha baridi kama mtungi. Nilipofumbua macho, palikuwa na udongo na miiba tu, na watoto wanaimba bustanini.

Nilidhani limekwisha. Nilimweleza Binti Salumu na mwalimu mwenzangu mmoja, tukakubaliana nimepigwa na jua. Sasa sikiliza.

Baba yake Ndahani alifika pamoja na tarishi. Mzee Malogo, mtu mrefu aliyekunjika kiuno, anatembelea fimbo. Habari alikuwa ameshaambiwa. Mimi nilitoka kumpokea na kumpa pole, kama mtu yeyote. Nikamwamkia shikamoo, nikamshika mkono, nikafungua mdomo niseme pole kwa msiba.

"Bweni hili lina milango miwili," nikasema, "mmoja upande wa mashariki."

Tarishi alikasirika, akadhani namkejeli mzee. Lakini Mzee Malogo hakuuachia mkono wangu. Akauliza kwa Kiswahili chake cha shida, "Nani kaja hapa kabla yangu?"

Hilo niliweza kulijibu. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye kovu, akakaa chini kwenye vumbi, taratibu, fimbo ikaanguka.

"Uji wa moto ulimmwagikia akiwa msichana," akasema. "Mwalimu, huyo ni mke wangu. Alikufa siku ile ile aliyomzaa Ndahani. Hata kumnyonyesha hakuwahi."

Kisha akaniuliza kitu ambacho sijakisahau mpaka leo. "Kitanda cha mtoto, alikiona?"

"Alilala juu yake," nikasema.

Ndipo mzee akalia. Akalia kama mtoto. Alipoondoka alikichukua kile kigoda chenye miguu miwili, akakifunga mgongoni kwa kamba.

Sasa utasema, mbona unatamka kifo na kufa hapa mbele yangu, tena vizuri tu? Ni kweli. Kwako naweza, kwa sababu Ndahani si wako. Ni mbele ya mwenye msiba tu ndipo kinywa changu kinapogeuka. Nimekwenda kwa mashehe wakanisomea, nimekwenda kwa waganga wa Kigogo wakanifukiza. Hakuna kilichosaidia.

Vita vya Wadachi na Waingereza vilipokuja, shule ikafanywa hospitali. Madarasa yakawa wodi, benchi zikawa vitanda, bustani ikakanyagwa na farasi. Shemeji yangu Hamisi, kaka yake mke wangu Mwanaidi, alikamatwa akabebeshwa mizigo ya jeshi. Walikuwa wamelelewa wawili tu, hawana mwingine. Siku moja msafara ukapita, na mpagazi mmoja akanivuta pembeni, akaniambia Hamisi amebaki njiani, wamemzika wao wenyewe. Kabla sijamwomba aje nyumbani amweleze dada yake, askari akamsukuma mbele, akaenda zake.

Nilirudi nyumbani. Mwanaidi alikuwa anatwanga. Nikamwita, akaja, akafuta mikono. Nikasema, "Kisima cha shule kina maji hata wakati wa kiangazi."

"Una nini, mume wangu?"

"Kuta zake ni nene."

Nilijaribu kuandika, mkono ukachora mstari mtupu, na hata hivyo yeye hakujua kusoma. Nilimtafuta mtu wa kumtuma, na kila niliyemwendea, kumbe naye alikuwa jamaa au rafiki wa Hamisi, kinywa kikageuka. Mji ulikuwa mdogo, Hamisi alipendwa na wote. Basi kila jioni Mwanaidi akawa anamwekea kaka yake sehemu ya chakula, anaifunika kwa kawa, nami naketi pale pale naitazama. Aliniuliza usiku mmoja tu, kwa sauti ndogo, "Hujasikia lolote?" Nikamweleza habari za madirisha.

Miezi ilipita kabla ya mtu kurudi kutoka vitani na kumwambia. Hakunipigia kelele. Aliuliza tu, "Ulijua?" Nikaitikia kwa kichwa, maana habari alikuwa ameshaipata, na swali hilo lilikuwa juu yangu, si juu ya kifo. Akafunga nguo zake, akaenda kwa shangazi yake Makutupora. Nilimfuata mara nyingi. Alinikaribisha uji kila mara, lakini hakurudi.

Kwa hiyo nakuonya. Mgeni akikuuliza habari za mtu aliyekwisha kufa, mwambie pale pale alipokukuta, hata kama sauti inatetemeka. Usimkaribishe ndani kwanza. Usimwonyeshe chochote. Ukishapiga hatua ya kwanza pamoja naye, huna tena uwezo wa kusimama.

Na jingine ni juu yangu mimi. Ukiwa na mtu wako safarini, na siku moja ukanikuta njiani nikakushika mkono, nikaanza kukueleza mawe yalitoka mlima gani na milango inatazama wapi, usinikasirikie, wala usinisubiri nimalize. Rudi nyumbani ukawe pamoja na watu wako.