Taa Tatu, Kurasa Tisa

Kesi ya taa tatu ilinigharimu shilingi laki moja themanini na saba elfu na mia tano. Hiyo ni hesabu ya kwanza. Nilipohesabu tena ikaja laki moja themanini na nane elfu na mia tano, maana nilikuwa nimeiruka soda niliyomnunulia mlalamikaji. Siku nne ambazo meza yangu ilishinda chini ya turubai sijaziweka, kwa sababu sina wa kumdai.

Mlalamikaji ni jirani yangu wa meza. Mimi nauza nyuzi, ndoano na maboya hapa soko la Mirongo. Yeye ni mtu wa Mara, anauza na kutengeneza taa za sola, zile wavuvi wanazokwenda nazo ziwani kuvulia dagaa. Wakati huo alikuwa na miezi mitatu tu sokoni. Mshitakiwa ni mtoto wa kaka yangu, binti wa miaka kumi na moja, darasa la tano. Ninaishi naye Igogo, kwa kuwa wazazi wake wanalima ng'ambo, Sengerema. Akitoka shule anakuja mezani, na Jumamosi anashinda na mimi.

Sokoni kwetu ukienda kunywa chai unamwambia jirani, "Niangalizie." Jirani haangalii tu, anakuuzia. Akiuza kwa bei uliyozoea kuitaja, hela yako anakuwekea. Akiuza kwa zaidi, kilichozidi ni chake. Tunakiita cha juu, na hakuna anayeuliza. Nusu ya bati za nyumba yangu ni cha juu.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimefuata mzigo. Jirani akaenda kunywa chai, akamwambia binti, "Niangalizie." Mezani kulikuwa na taa tatu. Akapita mteja wa Kamanga, roho juu asikose kivuko. Binti alikuwa amemsikia jirani kila siku akitaja elfu thelathini kwa taa. Akaanzia arobaini, wakakutana thelathini na tano. Elfu tisini akaziweka chini ya boksi la bisibisi la jirani, elfu kumi na tano akavuka nazo barabara kununua viatu vya shule.

Taa zile hazikuwa za kuuza. Zilikuwa za mvuvi mmoja, zimeletwa kubadilishiwa betri.

Niliporudi nilimkuta jirani ameshika kichwa. "Mama, huyu mutoto ameniua! Mwenye taa anakuja leo. Taa mpya tatu za aina yake ni laki moja thelathini na tano. Hapa nina tisini."

Mtu mwenye busara angesema pole. Mimi nikasema, "Nikuongeze ishirini."

"Ishirini?"

"Na tano."

Akanitazama kama naongea lugha ya ng'ombe, akaenda polisi. Ile arobaini na tano nilikuja kuilipa yote, bila kupunguziwa hata mia, lakini faili lilikuwa limeshafunguliwa. Nilivuka mpaka Kamanga kumtafuta mnunuzi. Kamanga kila mtu ana taa.

Kwa hiyo tukafika Mahakama ya Watoto, chumba cha kawaida kabisa, hakimu hana joho, mlango umefungwa wasiingie wasiohusika. Kosa: wizi. Mwanasheria wa msaada wa kisheria, dada mmoja kijana mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye, alinieleza jambo lenyewe kwenye benchi. Mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili hatiwi hatiani mpaka ithibitishwe kwamba wakati anafanya jambo lile alikuwa na uwezo wa kujua kwamba hapaswi kulifanya.

"Na ikithibitishwa?"

"Anaweza kuwekwa chini ya uangalizi hapa hapa. Anaweza pia kupelekwa shule ya maadilisho, Mbeya."

Mbeya. Nauli ya kwenda na kurudi niliijua, nikaihesabu mara mbili, halafu nikaacha kuhesabu.

Hakimu akaagiza daktari wa afya ya akili amwangalie mtoto. Hapo ndipo nilipoharibu.

Daktari alikuwa mwembamba, mwenye miwani na karatasi mbili. Binti akamwamkia, "Shikamoo," akajibiwa marahaba, akaulizwa leo siku gani, mia toa thelathini na saba ngapi, wizi ni kitu gani. Akajibu yote bila kupumua. Daktari akanigeukia. "Mama, huyu mtoto anaelewa mambo?"

Nina ugonjwa wangu mmoja. Kitu changu kikisimama mbele ya mtu mwenye kalamu, mdomo unaanza kukisifia wenyewe. "Huyu? Daktari, huyu ananizidi mimi! Hesabu anazo kichwani. Mteja mwongo anamjua kwa miguu yake. Hakuna kinachompita huyu."

Daktari akaandika. Nikafurahi anaandika.

Ripoti iliposomwa nilisikia maneno yangu yakirudi yakiwa yamevaa suti: mtoto ana uelewa unaozidi umri wake, kwa maelezo ya mlezi hakuna kinachompita. Mwendesha mashtaka alikuwa anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Binti akanivuta mkono. "Shangazi, umenisifia sana."

"Nyamaza."

Yule dada mwanasheria akasimama, akatoa kwenye mkoba karatasi zilizotolewa kopi mpaka maandishi yamepauka. Ilikuwa hukumu ya rufaa ya mtoto mwingine, mahali pengine, aliyeandikiwa ripoti kama yetu. Majaji wa juu walikuwa wamesema akili nyepesi ni kitu kimoja, na kujua ubaya wa jambo lile mahususi, siku ile, ni kitu kingine. Ripoti inayopima cha kwanza haijajibu cha pili. Hakimu akaisoma taratibu, akairudisha ripoti kwa daktari, akatupa tarehe ya wiki sita mbele.

"Mheshimiwa," nikasema, "punguza. Wiki tatu."

Hakimu akaangalia kalenda yake. "Nne," akasema.

Nakiri nilitoka pale nikijisikia nimefanya biashara.

Safari hii daktari alitukaribisha na fomu ya kurasa tisa. Nilizihesabu, nikazihesabu tena akiwa anatafuta kalamu. Alikuwa na aibu kidogo. Alisema mara ya kwanza alitumia fomu ya watu wazima, ndiyo iliyokuwa mezani.

"Hii ya watoto nayo ilikuwa kurasa mbili zamani," akasema. "Zinaongezeka kila hukumu ikitoka juu. Ukurasa huu wa tatu, kuna mtoto alihojiwa kwa Kiswahili na nyumbani kwao hakizungumzwi. Huu wa nne, kuna aliyeitikia ndiyo kwa kila swali la mkubwa. Wakaandika anakiri."

"Sisi wote tulilelewa hivyo," nikasema. "Mkubwa akiongea unaitikia."

"Ndiyo maana siku hizi simwachii ajibu ndiyo. Anieleze kwa maneno yake." Akagonga karatasi kwa kidole. "Kila swali hapa lina mtoto wake, mama. Mimi sikuwajua, kwenye hukumu nayasoma majina yao kwa herufi za kwanza tu."

Nikaitazama ile fomu upya. Nilikuwa nimeiona kama urefu wa kunipotezea siku.

Akamuuliza binti kwa Kiswahili, halafu kwa Kisukuma chenye matege, binti akamcheka, wakaendelea na Kiswahili.

"Mtu akichukua hela kwenye kopo la shangazi?"

"Huyo mwizi."

"Kwa nini?"

"Hajamlipa mwenyewe."

"Na wewe na zile taa?"

"Mimi nilimlipa mwenyewe. Niliweka tisini chini ya boksi lake. Nilihesabu mara mbili."

"Akikwambia niangalizie, maana yake nini?"

"Mteja asipite bure."

"Kama vitu si vya kuuza je?"

Binti akamwonea huruma. "Daktari, vitu viko juu ya meza, sokoni. Hata hiyo meza yako ukiileta Mirongo ina bei."

"Bei gani?"

"Imechoka miguu. Arobaini. Ukibembeleza sana hamsini."

Daktari alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Halafu akafungua ukurasa wa saba, akasema huo ni wangu: malezi na mazingira. Mahakama moja ya juu ilikataa ripoti kwa sababu daktari alimpima mtoto kana kwamba ameota porini, bila kuuliza watu wake walimfundisha nini.

Nikajiandaa. Safari hii nitamshusha. "Daktari, ukweli ni kwamba mtoto huyu ni mzito. Anasahau. Juzi tu..."

Binti akageuka, akanitazama kwa namna ambayo mpaka leo sijaimaliza. Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, mara ya kwanza ulimpandisha bei. Leo unamshusha. Mimi sinunui. Nani alimfundisha kwamba kilichozidi ni cha muuzaji?"

Lilikuwa swali dogo, halina pa kushika. Nikatafuta pa kuanzia bei, sikupata.

"Mimi," nikasema. "Toka ana miaka saba. Na sijawahi kumwambia kwamba kuna cha kuangalia tu. Jirani mgeni, desturi yetu haijui, naye sikumwambia."

Akaandika mistari mitatu. Safari hii sikufurahi anaandika, ila nililala vizuri.

Wiki ya nne hakimu alisoma. Mtoto anajua wizi ni nini na anajua ni vibaya. Haijathibitishwa kwamba siku ile alijua kuuza taa alizoachiwa ni wizi, kwa kuwa soko zima lilimfundisha ni kazi. Akamfutia shitaka, akamwambia aende nyumbani. Binti akauliza kama viatu navyo vinaenda nyumbani. Vilikuwa kielelezo, vimefungwa karatasi ya namba kwa uzi. Hakimu akaruhusu. Havikumwingia tena, mguu umekua, tukampelekea binti wa jirani. Jirani alivipokea, akavigeuza nyayo, akasema vina soli nzuri. Siku ile ndiyo nilimnunulia soda. Akacheka, "Mama, ungesema tu pole."

"Ningesema pole kwa ngapi?"

Siku hizi akienda kunywa chai anaweka kitambaa chekundu juu ya vitu vilivyoletwa kutengenezwa, na soko lote limeiga.

Kimebaki kitu kimoja. Mwezi uliopita binti alitimiza miaka kumi na miwili, ule umri aliotuambia mwanasheria. Aliisikiliza kesi yake kuliko mimi, hakuna kilichompita, na hapo simsifii. Jumamosi, tukipanga maboya kwa ukubwa, akaniuliza, "Shangazi, ule ukurasa wangu umeisha. Sasa cha juu ni wizi au si wizi?"

Nikamwambia apange maboya. Akapanga, akarudia swali. Nikimwambia ni wizi, atatazama bati za nyumba yetu. Nikimwambia si wizi, ipo siku atakutana na jirani mwingine mgeni, na daktari hatakuwa na ukurasa wa kumfungulia. Wewe unayesoma hapa, kama umewahi kulea mtoto kwenye biashara, niambie: nimjibu nini? Jumamosi ijayo atauliza tena, na huyu akiuliza hapunguzi.