Draiva ya Mashine ya Nne

Siku ya kumi na moja baada ya kumzika mkewe, Fundi Waya aliamka, akanyoa ndevu, akaenda kazini. Watu wakasema ana moyo wa chuma. Hawakujua kitu. Hakuwa na chuma wala mbao. Alikuwa amekufa ganzi tu, kuanzia utosini hadi kwenye kucha. Wakimwambia "pole", alijibu "asante", na neno lenyewe lilimtoka kama karatasi inavyotoka kwenye printa.

Kazi yake ilikuwa kwenye ghala la dawa la hospitali. Humo mlikuwa na kompyuta saba kuukuu, skrini zake nene, kibodi zake zikilia kama mtu anayetafuna karanga. Ukiziona ungezicheka, lakini programu ya kufuatilia dawa iliandikwa kwa ajili ya mashine za aina hiyo, na aliyeiandika aliondoka zamani bila kuaga. Juu yake ilikaa programu nyingine iliyoziwezesha mashine hizo kufanya kazi kadhaa kwa pamoja, kila kazi na dirisha lake: moja la dawa zilizopo, moja la barua, moja la kuchapa lebo. Matatu, basi.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Wiki ile alimwita Fundi ofisini, akamkalisha.

"Mzee, umefiwa, na umebakiza miaka miwili tu ustaafu. Hizi mashine tuzitoe. Wewe kapumzike mapema, haki zako utapata zote."

"Nipe siku moja," Fundi akasema.

Wakakubaliana Jumatano. Mashine zote saba zikae kwenye mtandao tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, bila kuzimwa, bila kuganda. Zikiweza, zinabaki, na yeye anabaki. Ikishindwa moja, zote nje, na mzee nyuma yake.

Usidhani alizipenda sana kompyuta hizo. Alichotaka ni mahali pa kwenda asubuhi. Nyumbani kulikuwa na viti vinne, redio, na kitanda ambacho sasa alikilalia ukingoni, kana kwamba upande wa pili una mwenyewe.

Sasa, kazi ya kuzifunga zile mashine kwenye mtandao ina mwiko mmoja. Kuna programu ndogo inayoitwa draiva, ndiyo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na wenzake kwenye waya. Draiva hiyo hupakiwa kwanza, mashine ikiwa tupu, kabla ya kuleta ile programu ya madirisha. Ukiwahi madirisha, ukaja kuipakia draiva ndani ya dirisha mojawapo, itafanya kazi vizuri tu, na wewe utajiona bingwa. Shida ni siku dirisha hilo litakapofungwa. Draiva inaondoka nalo, lakini ujumbe kwenye waya hauna habari. Unaendelea kuja, unaitafuta pale ilipokuwa, hauikuti, na kompyuta nzima inaganda. Fundi Waya aliwafundisha jambo hilo mafundi wa nusu mji. Miaka ishirini na sita hakuwahi kulikosea.

Jumatano asubuhi alizipanga mashine sita sawasawa. Kwenye ya nne mtu alimjia kumpa pole, akamshika mkono kwa muda mrefu. Alipoachiwa mkono, vidole vikaendelea na kazi vyenyewe. Yeye mwenyewe hakuwepo.

Saa nane mchana akipita nyuma ya viti, aliona kwenye mashine ya nne orodha ya madirisha manne. Akahesabu tena. Manne. La mwisho, tupu, ndilo alilopakia draiva ndani yake. Hakushtuka, na kutoshtuka kwenyewe ndiko kulikomtia wasiwasi kidogo. Kuirekebisha kungetaka kuizima, na kuizima ni kushindwa. Alivuta kiti akaketi karibu na karani wa mashine ile.

Karani huyo walimwita Bi Haraka. Ni binti mwenye tabia ya kufunga kila kitu: akimaliza kuandika, kalamu kifuniko, akitoa faili, kabati funguo, akimaliza kazi ya dirisha, dirisha kwaheri. Ukimwachia mdomo wazi, angekufunga na wewe.

"Mwanangu," Fundi akamwambia, "hilo dirisha tupu la mwisho usiliguse."

"Kwa nini, baba?"

"Nimekosea asubuhi. Ukilifunga tu, basi, nimekwisha."

Bi Haraka akaondoa kidole kwenye kibodi. Kuanzia hapo ikawa mateso kwa binti wa watu. Kila akimaliza lebo, kidole chake kilielea juu ya kibodi, Fundi akakohoa, kidole kikarudi. Saa tisa. Saa kumi. "Kinaniwasha huku, baba," alinong'ona, akaukalia mkono wake. Siku nyingine Fundi angecheka. Alitambua kwamba hapo ni pa kucheka, akaishia hapo.

Saa kumi na moja kasoro robo meneja akaingia, akapita mashine moja moja, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwenye ya nne akainama.

"Hili tupu la nini? Lifunge tuone."

"Bado nalitumia, meneja," Bi Haraka akasema bila kupepesa. Yeye, wa kufunga hata mwavuli wa jirani!

"Haya." Meneja akanyoosha mgongo, akamgeukia Fundi kumpa mkono wa hongera.

Hapo Fundi angeweza kunyamaza tu. Lakini uongo unataka nguvu, hata ule wa kusemewa na mtu mwingine, na yeye nguvu hizo hakuwa nazo.

"Halitumii," akasema. "Nimepakia draiva ndani yake. Kosa langu. Likifungwa, mashine itaganda."

Meneja hakukasirika, alimwonea huruma, na huruma ilikuwa mbaya zaidi. Akamwekea mkono begani.

"Unaona sasa, mzee? Ndicho nilichokuwa nakwambia. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Nikapumzike na nani?"

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Meneja akauondoa mkono begani, hakujua pa kuuweka, akautia mfukoni. Akatazama skrini, akauliza taratibu, "Kuipanga upya inachukua muda gani?"

"Dakika kumi na mbili."

Meneja akavuta kiti. "Ipange. Nakusubiri."

Fundi akaizima mashine, akaiwasha. Mguu uliokufa ganzi huuma zaidi damu inaporudi. Alipoanza kuandika amri ya kupakia draiva, herufi zikakaa ovyo, na chozi la kwanza tangu msiba likadondokea kibodi. Akafuta, akaandika, akakosea tena. Bi Haraka akainuka kwenda kufunga mlango, ili wapitao wasimwone, na meneja akakaa pale pale, hakuitazama saa.