Sista Mkuu Alipomwosha Bibi

Juzi nilimwona mkubwa mmoja kanyoosha miguu kitini, kijana anamvua viatu. Nikamkumbuka Sista Mkuu wa hospitali ya misheni, ambaye akikohoa tu, hata daktari alisimama.

Bibi yangu alikuwa na donda mguuni, linanuka mpaka kunguru wakahama kijiji. Mjomba akambeba hadi misheni, nami nyuma. Wauguzi wakaziba pua. Sista Mkuu akawatoa nje, akapiga magoti sakafuni, akamwosha kwa maji ya moto na sabuni ya dawa, kidole kwa kidole. Bibi kafumba macho, kimya.

Kwetu mtu mzima haoshwi na mtu ila akishakufa. Nikatoka mbio hadi kijijini kwetu Mgogoni, upepo nikauacha nyuma, nalia: "Bibi kafa, Sista anamwosha." Jasho halijanikauka, mikeka imetandikwa na jeneza limetoka msikitini.

Alasiri Bibi akaja, kaegemea bega la Sista Mkuu. Akalitazama jeneza.

"Mna haraka gani nyie?"

Watu walicheka, mimi nikaingia chini ya kitanda. Sista alipoondoka, Bibi akaniita. Nilingoja fimbo, ila yeye alikuwa analia.

"Mjukuu wangu, yule hana mwana wala ndugu huku. Siku yake ikifika, nani atamwosha?"

"Si wauguzi wake wapo, Bibi."

Akautazama mguu wake uliofungwa bendeji nyeupe.

"Wale walioziba pua?"