Haikuwa Salongo

Asubuhi ile nilikuwa nikitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba yetu, Nyabiondo, na mume wangu Gaspard amekaa juu ya bidoni tupu la maji akinisomea alichoandika. Ndivyo tulivyoishi. Yeye anasoma, mimi natwanga, na nisipoelewa nasimamisha mchi mpaka aseme kwa maneno ya watu.

"Mutu iko ya ye mwenyewe," alisoma. "Hata Leta, ni kusema serikali, hata shefu, hata mwenye bunduki, hakuna mwenye iko na haki ya kukamata nguvu yake bila ye kuitika."

"Na hii sombe, nani aliitika kuitwanga?"

"Uko huru, Mama Neema. Ukitaka, acha."

"Basi leo utakula uhuru na bugali."

Alicheka hadi karatasi zikamponyoka. Neema, binti yetu, alikuwa Kibabi kwa mama yangu, ambako ndugu zangu wanachunga ng'ombe na kuuza maziwa. Wao wafugaji, akina Gaspard wakulima, na wengi walinuna tulipooana. Gaspard aliwaambia ndoa ni ya wawili waliokubaliana, wengine wote ni wageni wa karamu. Baba mkwe wangu hakumsemesha msimu mzima.

Zamani alifundisha shule ya msingi, kisha akawa mtu wa kuandika na kuhubiri amani. Kurasa zake zilitolewa fotokopi na kupelekwa na watu wa pikipiki hadi Rubaya, ambako wachimbaji wa madini walisomeana wakipumzika. Alisema vita vyetu vinasimama juu ya migongo yetu: tusipobeba, hakuna jeshi litakalopanda mlima. Wenye bunduki wa huku walimwita mtu wa wale wa kule. Wa kule walimwita mtu wa huku. Hilo tu ndilo walilowahi kukubaliana.

Adui yake mkubwa ilikuwa salongo. Kwa wasiolijua neno hilo, ni kazi ya pamoja ya kufyeka njia na kuzibua mitaro, na kwa jina inafanywa kwa ajili ya wote. Kwetu iligeuka. Kundi la wenye bunduki lililokaa juu ya kilima chetu lilipotaka kuchimbiwa mahandaki au kuchotewa maji, lilipiga firimbi na kutangaza salongo. Asiyekwenda alichapwa. Gaspard hakwenda, akachapwa, na wiki iliyofuata hakwenda tena. Nilimkanda mgongo kwa maji ya moto nikimtukana. Nilimpenda, na nilichoka kumpenda kwa namna ile.

Kisha kundi likahama bila kuaga, na mvua ikabeba daraja la miti tulilopitia kwenda mashambani. Gaspard akafurahi kama aliyepewa zawadi. Sasa, alisema, tutaona watu wakifanya kazi bila firimbi. Akamwomba Papa Zakaria, katekista wetu mzee, atangaze kanisani kwamba anayependa aje kutengeneza daraja.

Kesho yake walikuja wengi mno. Gaspard alisimama ukingoni machozi yakimtoka. Aliniambia nitazame, hakuna bunduki hata moja, na watu wote hawa. Nami nikaanza kuamini.

Kabla ya saa sita jirani yetu mmoja akalalamika kwa sauti kwamba salongo ya safari hii haina hata mapumziko. Gaspard akaacha kufunga kamba.

"Papa Zakaria, ulitangaza namna gani?"

"Nilisema kesho iko salongo ku daraja." Mzee alishangaa kuulizwa. "Si njo jina yake, mwalimu? Batu bangeelewa namna gani?"

Gaspard akapanda juu ya gogo akawaambia watu kwamba hii haikuwa salongo, na anayetaka kurudi nyumbani arudi bila woga.

Wakarudi. Karibu wote, jembe begani, wengine mbiombio asije akabadili mawazo. Nilicheka, kisha nikaona uso wake nikaacha. Waliobaki wangeenea jikoni mwangu, na ndio waliomaliza daraja. Jioni aliniambia wale wachache wanamtosha. Mimi hawakunitosha. Lakini neno lilikuwa limeshatoka kanisani, na likatembea kwa miguu ya watu wa soko hadi kwa wenye bunduki wa kule: Nyabiondo wamefanya salongo, wamewajengea maadui njia.

Walikuja wakati wa kuanua maharage.

Walitukusanya mbele ya kanisa.

"Nani njo aliita salongo?"

Papa Zakaria alikuwa kando yangu. Nilijua jibu, na nilimwomba Mungu mzee alitoe.

"Njo miye niliita batu," Gaspard akasema. "Lakini haikukuwa salongo."

Aliyeuliza hakusikia sehemu ya pili.

Walichagua wa kubeba maharage yetu hadi Walikale. Walimchukua Gaspard, walimchukua na mzee. Gaspard hakugeuka kunitazama. Nadhani aliogopa uso wangu.

Yaliyofuata niliyajua kwa Papa Zakaria, ambaye alirudi. Gaspard alikataa mzigo, wakampiga, akatembea mikono mitupu. Msituni mzee akaanguka chini ya gunia lake. Gaspard akainama, akaliweka kichwani mwake.

"Mwalimu, si ulikatala kubeba?" wakamcheka.

"Ya kwenu nilikatala. Hii ni ya Papa Zakaria."

Alilibeba hadi mtoni. Huko wakampa sanduku la risasi.

Akaliweka chini.

Mzee anasema Gaspard hakupiga kelele walipomuua. Anasema pia kwamba baadaye yeye mzee alilibeba lile gunia mwenyewe mpaka mwisho wa safari, na akanisimulia hili akilia. Mimi sikulia mbele yake.

Watu wa mikutano ya amani huja kuniuliza kama mawazo ya mume wangu yalishinda. Nawaambia yalimuua, na kwamba alikuwa na haki, na yote mawili nayasema kwa hasira. Neema amekuwa mkubwa, anazisoma zile kurasa. Mimi siwezi. Kuna siku namchukia kwa ile sentensi moja mbele ya kanisa, iliyomhurumia mzee na haikunihurumia mimi.

Kila msimu wa kulima Papa Zakaria anakuja shambani kwangu na jembe lake. Sijamwita kamwe. Gaspard angefurahi kuona mtu anavyokuja kwa hiari yake. Mzee analima mpaka mpakani, ananawa miguu, anasema, "Mama Neema, nimeenda." Maji ya kunywa ninayo ndani, kwenye mtungi. Sijawahi kumpa.